Mwongozo Kamili wa Kuwa Kipa wa Kulipwa wa Hoki ya Barafuni, Tangu Viatu vya Kwanza hadi Kustaafu

Lango la hoki ya barafuni lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22. Kisahani cha mpira mgumu kinacholengwa humo kina kipenyo cha sentimita 7.62, unene wa sentimita 2.54 na uzito wa kati ya gramu 156 na 170, na kabla ya mechi hugandishwa ili kisidundedunde. Mpigaji mwenye nguvu hukirusha kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Kikipigwa kutoka mita 18, humfikia kipa baada ya takriban sekunde 0.4, kikipigwa kutoka mita 6, humfikia kwa chini ya sekunde 0.14, yaani kabla ubongo haujawahi kupokea habari kutoka machoni na kuuamuru mkono uinuke. Anayetaka kuifanya kazi hii aanze kwa kuitafakari hesabu hiyo, kwa sababu inaonyesha kwamba kipa mzuri haokoi kwa wepesi wa mikono peke yake. Anaokoa kwa kuwa amekwisha kufika mahali panapotakiwa kabla pigo halijapigwa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kijana anayeitamani kazi hiyo, na kwa mzazi au kocha anayemsaidia. Hatua zimepangwa kwa mfuatano unaofaa kufuatwa, na zile ambazo vijana wengi huziruka nimezieleza kwa urefu zaidi.

Hatua ya 1: Anza na miguu

Ipo dhana ya zamani kwamba mtoto asiyejua kuteleza vizuri ndiye anayefaa kuwekwa langoni, kwa kuwa kipa hazunguki uwanja mzima. Dhana hiyo ni kosa kubwa. Kipa anatakiwa awe miongoni mwa wanaoteleza vizuri kuliko wote katika timu, maana husogea hatua fupi za pembeni akiwa amekunja magoti, husimama ghafla, hugeuka, hushuka barafuni na kuinuka tena, na yote hayo huyafanya akiwa amebeba vifaa vyenye uzito wa kilo zipatazo 20 huku macho yake hayabanduki kwenye kisahani. Kwa hiyo mtoto acheze nafasi zote katika miaka yake ya mwanzo, azoee kuteleza mbele na nyuma, na alinde lango kwa zamu tu.

Akishaamua kuwa kipa, ajifunze miendo mitatu kwa makini. Wa kwanza ni mwendo wa pembeni, ambapo visu vya viatu vyote viwili vimeelekea mbele na mguu mmoja unamsukuma kuelekea upande wa pili kwa hatua fupi. Huu hutumika mpigaji anapotembea na kisahani polepole. Wa pili ni msukumo mrefu, ambapo mguu wa mbele hugeuzwa uelekee kule kipa anakokwenda na mguu wa nyuma husukuma ukiwa umekingama, hata miguu ikafanya umbo la herufi T. Huu ni wa kufuata pasi inayovuka kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine. Wa tatu ni kwenda mbele na kurudi nyuma kwa kuchora nusu duara barafuni kwa kisu cha kiatu, bila kuinua mguu. Zoezi linalofaa ni kuweka alama nne au tano kuzunguka eneo la kipa lililopakwa rangi ya buluu, kisha kutoka nguzo hadi alama, kusimama kabisa, na kurudi, kwa dakika 15 bila kisahani chochote. Zoezi hilo linachosha na halipendezi kulitazama, lakini ndilo linalomtofautisha kipa atakayedumu na yule atakayekwama katika ligi za vijana. Neno la kutilia mkazo hapo ni kusimama kabisa, kwa kuwa shuti linalomkuta kipa angali anateleza humpita hata kama mikono yake ni mepesi.

Hatua ya 2: Pata vifaa vinavyokutosha sasa

Kipa huvaa viatu ambavyo visu vyake vimenyooka zaidi chini na viko karibu zaidi na barafu kuliko vya wachezaji wengine, pedi ndefu za miguu, suruali nene, kinga ya sehemu za siri, fulana ngumu inayofunika kifua na mikono, kinga ya shingo, na helmeti yenye kinyago cha uso. Mkono mmoja huvaa glavu ya kudakia, na ule unaoshika gongo huvaa glavu ya kukingia yenye ubao bapa mgongoni mwake. Katika ligi kuu ya Amerika ya Kaskazini, NHL, pedi ya mguu haitakiwi kuzidi inchi 11 za upana, yaani kama sentimita 28, na maofisa wa ligi hukagua vipimo hivyo.

Mzazi asinunue pedi kubwa kwa matumaini kwamba mtoto atazikulia. Goti lisipokaa pale lilipotengenezewa kukaa, pedi haizunguki vizuri mtoto anaposhuka barafuni, na mzigo wa kuizungusha huhamia kwenye goti na nyonga. Ni afadhali pedi zilizotumika zinazomtosha kuliko mpya zinazomzidi. Baada ya kila zoezi vifaa vyote vikaushwe hewani, kwa kuwa unyevunyevu wa jasho hulegeza mikanda na huzalisha maradhi ya ngozi.

Mahali pasipofaa kubana matumizi hata kidogo ni kwenye kinyago na kinga ya shingo. Kwa miongo mingi makipa wa kulipwa walicheza uso wazi. Mwaka 1927 Elizabeth Graham wa Chuo Kikuu cha Queen's nchini Kanada alijikinga kwa kinyago cha mchezo wa vitara, lakini katika NHL kinyago hakikukubalika hadi tarehe 1 Novemba 1959, siku ambayo shuti la Andy Bathgate wa New York Rangers lilimpasua uso Jacques Plante wa Montreal Canadiens katika ukumbi wa Madison Square Garden. Plante alishonwa, kisha akakataa kurudi uwanjani asipovaa kinyago alichokuwa akikitumia mazoezini. Zama hizo timu hazikuwa na desturi ya kusafiri na kipa wa akiba, kwa hiyo kocha Toe Blake alilazimika kukubali. Kuhusu shingo, tarehe 22 Machi 1989 kisu cha kiatu kilimkata Clint Malarchuk wa Buffalo Sabres mshipa mkubwa wa shingo mbele ya lango lake mwenyewe, na akaokolewa na mtabibu wa timu aliyeubana mshipa huo kwa vidole. Kijana asikubali kuambiwa kwamba kinga ya shingo ni ya watoto.

Hatua ya 3: Jenga ustadi wa kukaa mahali panapotakiwa

Hapa ndipo kiini cha kazi kilipo. Fikiria mstari unaotoka kwenye kisahani, wala si kwenye mwili wa mpigaji, hadi katikati ya mstari wa goli. Kifua chako kinatakiwa kiwe juu ya mstari huo wakati wote. Ukisogea mbele juu ya mstari huohuo, sehemu ya lango anayoiona mpigaji hupungua. Ukirudi nyuma, huongezeka. Lakini kila hatua ya mbele ina gharama yake, kwa kuwa pasi ikivuka kwenda kwa mshambuliaji wa upande wa pili, wewe uliyetoka mbali utakuwa na njia ndefu zaidi ya kusafiri kuliko yule aliyebaki karibu na mstari. Kwa hiyo, ikiwa mpigaji yuko peke yake, toka. Ikiwa kuna mwenzake anayeweza kupokea pasi, baki karibu. Zoezi bora ninalolijua la kulifundisha jambo hili ni kufunga kamba mbili kwenye nguzo za lango na kuziunganisha kwenye kisahani. Kocha anapokihamisha kisahani, kipa huona kwa macho yake jinsi pembe inavyofunguka na kufungwa, na hutambua kwamba nusu hatua tu ya kando huacha uwazi mkubwa.

Kinachofuata ni mtindo wa kipepeo, ambao leo ndio msingi wa ulinzi wa lango karibu kila mahali. Kipa hupiga magoti, akatandaza miguu kuanzia magotini kwenda nje ili pedi zifunge sehemu yote ya chini ya lango, huku gongo likiziba nafasi iliyo katikati ya magoti na mikono ikiwa mbele ya mwili. Glenn Hall alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, na Patrick Roy, akifundishwa na kocha François Allaire, aliufanya uwe kielelezo cha kizazi kizima. Roy alitwaa Kombe la Stanley, yaani kombe la bingwa wa NHL, mara nne na tuzo ya mchezaji bora wa mechi za mtoano mara tatu. Kosa la kawaida la wanafunzi ni kushuka mapema. Mpigaji stadi humtazama kipa, na akiona magoti yamekwisha kugusa barafu huinua kisahani hadi pembe ya juu. Kanuni ni kwamba kisahani kikishaondoka kwenye gongo la mpigaji ndipo ushuke, wala si wakati anapoinua gongo hilo. Na ukishaokoa, inuka kwa mguu ulio mbali na kule kisahani kilikoelekea, kwa kuwa huo ndio utakaokusukuma kuelekea huko.

Shambulio likitoka nyuma ya lango au pembezoni kabisa, kipa huegemea nguzo: pedi ya upande wa nguzo hulazwa barafuni na kiatu chake kuigusa nguzo, mguu wa pili hubaki umesimama tayari kusukuma, na bega huiziba nafasi ya juu. Mbinu hii ni nzuri inapotumiwa kwa kiasi. Siku hizi naiona ikitumiwa kupita kiasi, hata mshambuliaji anapokuwa mbali na mwenye nafasi ya kuinua kisahani juu ya bega, na magoli mengi ya aibu hufungwa hapo. Mshambuliaji akiwa na nafasi ya kupiga, simama.

Kisha kuna suala la kutema. Kuokoa shuti la kwanza ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuamua kisahani kiende wapi. Linalopiga kifuani lilegezewe mwili na kukumbatiwa, linalopiga pedi lielekezwe pembeni kwa kugeuza pedi kidogo, na linalokuja juu lidakwe na kushikiliwa hadi mwamuzi apulize filimbi. Kipa anayetema katikati, mbele ya lango, humwandalia mpinzani goli. Kushikilia kisahani kuna faida nyingine ambayo watazamaji hawaioni: kunasimamisha mchezo, na wenzake waliochoka hupata nafasi ya kubadilishwa.

Macho nayo hufundishwa. Kisahani kifuatwe tangu kwenye gongo la mpigaji hadi kinapogusa glavu au pedi, na kichwa kiiname kukifuata. Wapinzani watajipanga mbele yako ili wakuzibe usione, hivyo jizoeze kuchuchumaa zaidi na kuchungulia katikati ya miguu yao, ukichagua upande mmoja wa kuchungulia bila kuhangaika huku na huko. Mpira wa tenisi unaorushwa ukutani na kudakwa kwa mkono mmoja ni zoezi rahisi la nyumbani ambalo hata makipa wakubwa hulifanya kabla ya mechi.

Usipuuze gongo. Kipa anayejua kukisimamisha kisahani nyuma ya lango na kumpasia beki wake huipunguzia timu mashambulizi mengi. Martin Brodeur wa New Jersey Devils aliifanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa, na tangu msimu wa 2005–06 NHL ilichora eneo la trapeza nyuma ya lango, ambalo nje yake kipa haruhusiwi kukigusa kisahani kilicho nyuma ya mstari wa goli; wengi huihusisha sheria hiyo na jina lake.

Huenda mtu akauliza kuhusu Dominik Hašek, ambaye alijiviringisha barafuni, akaachia gongo na kuokoa kwa njia zisizomo katika somo lolote, na bado ndiye kipa pekee aliyetwaa tuzo ya mchezaji wa thamani zaidi wa NHL mara mbili, mwaka 1997 na 1998. Jibu langu ni kwamba Hašek alikuwa na unyumbukaji wa mwili usio wa kawaida na uwezo mkubwa wa kusoma mchezo. Mwanafunzi amsome kwa jinsi alivyokataa kulikatia tamaa shuti lolote, lakini asiige mwendo wake kabla hajaimudu misingi.

Hatua ya 4: Linda nyonga zako

Mtindo wa kipepeo hulazimisha mapaja kugeukia ndani mara mamia kwa wiki. Kwa miaka mingi mwendo huo huweza kusababisha mfupa wa paja kugongana na ukingo wa tundu la nyonga na kuichana gegedu inayouzunguka, na makipa wengi wa kulipwa wamefanyiwa upasuaji kwa sababu hiyo. Maumivu ya kinena yanayodumu zaidi ya siku chache si jambo la kuvumiliwa kishujaa, bali ni sababu ya kumwona daktari.

Kinga yake ni nje ya barafu. Imarisha misuli ya makalio, ya ndani ya mapaja na ya tumbo mara mbili au tatu kwa wiki, nyoosha viungo kila siku misuli ikiwa imeshapata joto, na kaa mbali na barafu kwa miezi kadhaa kila mwaka. Mtoto anayelinda lango miezi yote 12 hachezi michezo mingine inayojenga mwili kwa namna tofauti, na hupata uchakavu wa kipa mtu mzima kabla ya umri wake. Inawezekana kurudi baada ya upasuaji: Tim Thomas wa Boston Bruins alipasuliwa nyonga mwaka 2010, na msimu uliofuata aliokoa asilimia 93.8 ya mashuti, akatwaa Kombe la Stanley na kuchaguliwa mchezaji bora wa mechi za mtoano akiwa na umri wa miaka 37. Lakini huo si mpango wa kuutegemea.

Hatua ya 5: Jifunze la kufanya baada ya kufungwa

Kila kipa hufungwa. Mshambuliaji akikosea, wenzake huweza kulifunika kosa lake. Kipa akikosea, taa nyekundu huwaka nyuma yake na ubao wa magoli hubadilika mbele ya maelfu ya watu. Kwa sababu hiyo anahitaji utaratibu usiobadilika wa sekunde chache zinazofuata: atoke kwenye eneo lake, anywe maji kutoka kwenye chupa iliyo juu ya lango, avute pumzi moja ndefu, akumbuke alikuwa amesimama wapi, kisha arudi. Uchambuzi wa kina ungoje hadi baada ya mechi, ambapo ataandika katika daftari kila goli lilianzia wapi na miguu yake ilikuwa ikifanya nini. Baada ya mechi 20 daftari hilo litamweleza ukweli kuliko sifa au lawama za mtu yeyote.

Mfano unaofaa ni wa David Ayres. Tarehe 22 Februari 2020, makipa wote wawili wa Carolina Hurricanes walipoumia mjini Toronto, Ayres, mwenye umri wa miaka 42, aliitwa akiwa kipa wa dharura wa uwanja. Mashuti mawili ya kwanza yaliyolenga lango yote yaliingia. Aliokoa manane yaliyofuata, na Carolina ikashinda 6–3.

Woga wenyewe si dalili ya udhaifu. Glenn Hall alikuwa akitapika kabla ya mechi, naye alicheza mechi 502 mfululizo za msimu wa kawaida bila kutolewa, tangu 1955 hadi 1962, bila kinyago. Hata hivyo kuna mzigo ambao haufai kubebwa peke yako. Malarchuk aliyetajwa hapo juu alirejea uwanjani siku chache tu baada ya kukatwa shingo, na mateso ya akili yaliyomfuata kwa miaka mingi nusura yamwangamize. Kipa Robin Lehner alieleza hadharani mwaka 2018 ugonjwa wake wa akili na uraibu wake, akatibiwa, na akaendelea kucheza kwa mafanikio. Carey Price wa Montreal naye aliingia katika mpango wa msaada wa ligi na chama cha wachezaji mwaka 2021. Mtafute mshauri wa saikolojia ungali mzima, kama unavyomtafuta kocha wa nguvu kabla hujaumia.

Hatua ya 6: Chagua njia ya kupandia

Kanada ina ligi tatu kubwa za vijana, OHL, WHL na QMJHL, ambazo huchukua wachezaji wa takriban miaka 16 hadi 20. Marekani ina ligi ya vijana USHL, kisha timu za vyuo vikuu chini ya NCAA, shirika la michezo ya vyuo, ambako kijana husoma huku akicheza mechi chache na kufanya mazoezi mengi, jambo linalowafaa sana makipa. Tangu msimu wa 2025–26 waliopitia ligi za vijana za Kanada nao wanaruhusiwa kucheza vyuoni. Katika Uswidi na Ufini, klabu humlea kijana kutoka timu za watoto hadi ligi kuu, na nchi hizo zina walimu mahususi wa makipa tangu ngazi za chini. Kwa wanawake, ligi ya kulipwa PWHL ilianza Januari 2024 na imefungua mlango ambao miaka ya nyuma haukuwepo. Mwaka 1992 Manon Rhéaume aliweza kuonekana langoni mwa timu ya NHL, Tampa Bay Lightning, katika mechi ya maandalizi tu.

Drafti ya NHL, ambamo timu 32 huchagua chipukizi kwa raundi saba, isichukuliwe kuwa hukumu ya mwisho. Marc-André Fleury alichaguliwa wa kwanza mwaka 2003 na akadumu hadi 2025, lakini Hašek alikuwa wa 199 mwaka 1983, Henrik Lundqvist wa 205 mwaka 2000, na Thomas wa 217 mwaka 1994. Kipa hukomaa kwa kuchelewa, kwa kuwa kusoma mchezo hutokana na maelfu ya mashuti yaliyoonwa, na hakuna njia ya mkato ya kuyaona. Hašek alipata tuzo yake ya kwanza ya kipa bora wa NHL, Vezina, akiwa na miaka 29. Thomas alizunguka ligi ndogo na Ufini, na hakupata nafasi ya kudumu NHL hadi alipofika miaka 31. Urefu husaidia, na siku hizi timu nyingi hupenda makipa wanaozidi sentimita 185, ila Juuse Saros wa Nashville ana takriban sentimita 180 na amekuwa kipa namba moja kwa miaka kadhaa.

Hatua ya 7: Vumilia ligi za chini na benchi

Timu 32 zenye makipa wawili kila moja zina nafasi 64 tu. Wengine wote wako katika ligi za chini za AHL na ECHL, au Ulaya, wakisubiri. Katika kuchagua timu, tazama kwanza utacheza mechi ngapi, ndipo utazame jina la klabu. Kijana anayecheza mechi 45 katika ligi ya chini hupanda haraka kuliko anayekaa benchi katika ligi ya juu. Lundqvist alibaki Uswidi na klabu ya Frölunda hadi 2005, na alipovuka bahari alikuwa tayari kuishika nafasi mara moja.

Ukiwa wa akiba, kazi yako ni kubaki barafuni mazoezi yanapokwisha ili wapigaji wapate wa kumpigia, kuwasoma wapinzani ukiwa benchi, na kuwa na mwili wenye joto kiasi cha kuingia wakati wowote bila kupewa onyo.

Hatua ya 8: Elewa mkataba na takwimu zako

Mchezaji anayesaini NHL akiwa na miaka 18 hadi 21 hupewa mkataba wa kwanza wa miaka mitatu wenye kikomo cha malipo. Mikataba mingi ya vijana ina viwango viwili vya mshahara, kimoja cha NHL na kingine, kilicho chini mno, cha AHL. Msimu wa 2024–25 kima cha chini cha NHL kilikuwa dola 775,000, lakini siku unapoteremshwa huhesabiwa kwa kiwango cha chini. Kwa hiyo panga maisha yako kwa mshahara wa ligi ya chini, na ya juu uichukulie kama akiba. Tafuta wakala aliyesajiliwa na chama cha wachezaji, na usome mwenyewe kila ukurasa kabla ya kusaini.

Kileleni malipo ni makubwa. Igor Shesterkin wa New York Rangers alisaini Desemba 2024 mkataba wa miaka minane wa dola milioni 92. Rick DiPietro alisaini mwaka 2006 mkataba wa miaka 15 wa dola milioni 67.5, majeraha yakamwandama, na klabu ikauvunja kwa kumlipa fidia mwaka 2013.

Takwimu inayotazamwa zaidi ni asilimia ya uokoaji. Chukua kipa aliyecheza mechi 60 na kupigiwa mashuti 30 katika kila moja, jumla 1,800. Akiokoa asilimia 90 atakuwa amefungwa magoli 180; akiokoa asilimia 92 atakuwa amefungwa 144. Tofauti ya asilimia mbili ni magoli 36, na katika msimu mzima hayo ndiyo yanayoamua nani anaingia mtoano. Wachambuzi wa sasa huzingatia pia mashuti yalipigwa kutoka wapi, kwa hiyo kipa wa timu dhaifu asijidharau kwa namba ghafi.

Hatua ya 9: Jiandae kuondoka ungali unacheza

Siku ya mwisho mara nyingi haichaguliwi na mchezaji. Lundqvist alikuwa amesaini na Washington Capitals mwaka 2020 vipimo vilipoonyesha tatizo la moyo. Alipasuliwa, na mwaka uliofuata akastaafu bila kuwachezea hata mechi moja. Goti ndilo lililomtoa Price uwanjani. Ken Dryden aliondoka kwa hiari yake: aliacha kucheza msimu mzima wa 1973–74 ili amalize mafunzo ya uanasheria, akarudi Montreal, na akastaafu mwaka 1979 akiwa na Makombe ya Stanley sita.

Wengi wasio na taaluma nyingine huwa makocha wa makipa, wasaka vipaji au wachambuzi wa televisheni, na kazi hizo huwaendea wale walioanza kuzisomea wakiwa bado na mikataba. Anza kozi za ukocha wakati wa mapumziko ya kiangazi, mfundishe kipa mdogo wa klabu yako, na uzitunze rekodi zako zote za matibabu, hasa za mitikisiko ya ubongo. Thomas alistaafu na kutoweka hadharani kwa miaka kadhaa, na mwaka 2019 ndipo alipoeleza kuwa ubongo wake ulikuwa umeumia vibaya kutokana na mchezo. Kabla hujarudisha funguo za kabati la vyumba vya kubadilishia, omba klabu ikupime nyonga, magoti na kichwa, na uchukue nakala ya majibu hayo yakiwa yametiwa saini.